Stoyanka Hasemi, Anaimba

Jumatatu, 4 Machi
Tiketi imefika. Jumapili saa nne asubuhi basi la Bukaresti, kisha ndege hadi Kutaisi, kwetu Georgia. Kwaheri, Ruse! Nilikuja hapa Bulgaria kuimba opera msimu mmoja, nikakaa miaka thelathini na mmoja. Kaka yangu Zaza kapiga simu, chumba changu keshakipaka rangi. Ananiuliza nang'ang'ania nini huku na sauti yenyewe imekwisha. Kweli. Tangu inikatikie jukwaani, miaka miwili sasa, sijaimba hata bafuni.

Jumatano, 6 Machi
Stoyanka kapata kiharusi! Ndiye aliyenivalisha magauni ya jukwaani miaka yote hiyo, pini mdomoni, matusi yakipita katikati ya pini. Kibulgaria nimekijulia kwake — ndiyo maana nilianza na matusi. Leo hospitalini mdomo unafunguka, neno halitoki. Akalia. Nikakimbilia nje. Aibu.

Alhamisi, 7 Machi
Daktari anasema wapo wagonjwa wasioweza kusema ila kuimba wanaweza.
"Si wewe yule mama wa opera? Mwimbie."
"Siimbi siku hizi."
"Mama, hapa hatukati tiketi."
Nikarudi nyumbani kufunga vyombo. Sikula.

Ijumaa, 8 Machi
Wodi imejaa maua ya sikukuu ya wanawake. Nikaketi kitandani kwake, nikaanza ule wimbo wa wachuma waridi aliokuwa akiimba akipiga pasi. Sauti yangu — bawaba yenye kutu! Bibi wa kitanda cha pili akaguna. Ubeti wa kwanza, kimya. Wa pili, vidole vya Stoyanka vikaanza kugonga shuka. Mara akaimba! Maneno yote, safi kabisa! Nikakosea neno moja, lile lile ninalolikosea tangu nije mjini hapa. Akanikata jicho. Tukalia wote watatu, na bibi yule.

Jumamosi, 9 Machi
Nimemsimulia Zaza. Akauliza kama Stoyanka ana watoto. Hana.
"Basi manesi watamtazama. Dada, damu yako ni mimi."
Najua. Nampenda.
Jioni Stoyanka kaomba maji — kwa kuimba! Nesi nusura aangushe sinia.

Jumapili, 10 Machi
Saa nne na robo, basi limeshaondoka. Wodini. Nilipita saa mbili, kuaga tu, dakika tano. Sanduku liko mlangoni, kila mtu analikwaa. Nikamwambia Stoyanka: naenda kwetu. Akanitazama weee! Kisha akaimba, polepole, silabi moja moja:
"U-me-ku-la?"
Sijala. Akanisukumia bakuli lake la mtindi kwa mkono mmoja mzima. Naandika huku nakula. Zaza anapiga, mara ya tatu sasa. Nimemwonyesha Stoyanka simu, kalitazama bakuli. Nimalize kwanza. Halafu anataka tuanze ubeti wa tatu, ule mgumu, na bibi wa jirani keshajikohoza —