Alama ya Kidole Chini ya Plastiki

Mpendwa binti yangu Mwende,

Kosa wanalofanya watu wengi pasipoti zao zinapoharibika wakiwa ugenini ni kujaribu kuzitengeneza wenyewe. Mmoja huianika juani, mwingine huipiga pasi, mwingine hutafuta gundi akabandika ukurasa uliobanduka, kisha huificha chini ya godoro na kuomba asiulizwe. Nilifundisha historia na jiografia hadi nywele zikawa nyeupe, na wanafunzi wangu niliwaambia kila mara kwamba pasipoti si mali ya anayeibeba. Ni mali ya serikali, wewe umeazimwa tu. Koti la kuazima likipasuka, unalirudisha kwa mwenyewe na kumweleza lilivyopasuka.

Yako hukuitengeneza wewe. Ulitengenezewa, na sasa hutaki kuirudisha. Hilo ndilo lililonichosha. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia neno ubalozi unaniuliza habari za ng'ombe. Ng'ombe hajambo. Barua nimeiacha wazi, aisome yeyote, maana huku kwetu kuna nyumba nyingi zenye mtoto wa mbali. Kwa kuwa wasomaji hao hawatujui, nitaeleza hata yale unayoyajua. Univumilie. Unajua siwezi kueleza jambo nusu.

Ulipozaliwa tulikupa jina la mama yangu, kama ilivyo desturi yetu kwa binti wa kwanza, na tangu siku hiyo nimekuita mwaitu, yaani mama yangu. Mama yako naye alikuita mama mkwe, na utani huo hakuuchoka hata siku moja. Ukichelewa kuamka wakati wa likizo za shule, alikuwa akikugongea dirisha kwa mwiko.

"Mama mkwe, uji tukuletee kitandani ama utakuja kukunywa na watu?"

Nawe unajibu kutoka ndani ya blanketi, "Leteni. Na msiweke maji mingi kama jana."

Hukuwahi kuona cheti cha shule cha mama yako. Mimi nilikiona mara moja tu, kabla hatujaoana. Alikuwa amekihifadhi kwenye sanduku la mbao chini ya kitanda kwao, na siku alipokihitaji ili aende chuo cha ualimu, alifungua sanduku akakuta mchwa wamekula kila kitu na kuacha udongo. Pale shuleni walimu wake walikuwa wamehamishwa, hakuna aliyemkumbuka. Nafasi ikaenda kwa mwingine. Akalima, akasuka vyondo, akawalea ninyi. Sikumsikia akilalamika, lakini karatasi yoyote iliyoingia nyumba hii aliishika kama mtu anayeshika yai.

Kwa hiyo mashine ya laminesheni ilipofika soko la Tala, aliipokea kwa furaha ambayo majirani waliionyesha umeme ulipofika. Karatasi inaingia upande mmoja ikiwa laini, inatoka upande wa pili imevaa plastiki ngumu inayong'aa, na mchwa hana pa kuanzia. Alipeleka vyeti vyenu vya kuzaliwa, vya ubatizo, vya darasa la nane. Alipeleka kadi ya kliniki ya ndugu yako mdogo. Siku moja nilikuta hata risiti ya pampu ya kunyunyizia kahawa dawa imevalishwa plastiki.

"Na hii?" nikamwuliza.

"Mwalimu, wewe kaa na maneno yako, wacha mimi nikae na karatasi."

Nikakaa na maneno yangu.

Wakati huo ulikuwa umeacha kushona suruali kwenye viwanda vya EPZ kule Athi River, umepata kazi Dubai, katika hoteli, kwenye chumba cha kurekebisha mashuka na sare. Ulipokuja likizo ya kwanza, jioni moja ulikuwa unamwonyesha mama yako mihuri iliyomo kwenye pasipoti, mmoja baada ya mwingine, naye anauliza kila muhuri unasemaje. Kikombe kikapinduka. Chai ya maziwa iliingia kwenye ukurasa wa picha, na kona ya picha ikaanza kujikunja. Ulilia kama mtoto. Nilikwambia twende Nairobi tukaulize, ukasema ndege yako iko karibu mno. Mama yako aliufuta ukurasa kwa leso yake, polepole, akasema neno moja tu.

"Kesho ni soko."

Kesho yake mimi nilikwenda Machakos mjini kufuatilia pensheni. Jioni niliwakuta mmerudi, na mlinisimulia mkicheka hadi chai ikapoa. Fundi aliigeuza pasipoti huku na huku akasema, "Mama, hii ni kitu ya serikali. Mimi sijawahi fanya hii."

"Na vyeti vya kuzaliwa umekuwa ukifanya," mama yako akamwuliza, "hizo ni za nyanya yako?"

Foleni nzima ikaangua kicheko, na fundi akakata plastiki. Kitabu hakikuweza kuingia kwenye mashine, kwa hiyo ikabidi ailaze plastiki juu ya ukurasa na kuipitishia pasi ya moto. Ukurasa nao ulikataa kulala. Mama yako, ambaye alikuwa anakula mandazi, akaubonyeza kwa kidole gumba hadi ukatulia. Plastiki ikashuka, pasi ikapita. Alama ya kidole chake ikabaki ndani, pembeni mwa picha yako, mafuta ya mandazi yameichora kila mstari.

Aliiweka mezani mbele yangu. "Sasa hata akioga nayo," akasema.

Nilieleza, kama ninavyoeleza kila kitu, kwamba ukurasa wa picha haufunikwi, kwa kuwa mkaguzi lazima aione picha na muhuri wenyewe, na kitu chochote kilichowekwa juu yake kinamfanya adhani picha imebadilishwa. Lakini siku za likizo zilikuwa zimekwisha. Ukaondoka nayo hivyo hivyo. Pale uwanja wa ndege ofisa alikuna plastiki kwa ukucha, akakutazama, akagonga muhuri. Dubai wakagonga pia. Ujumbe wako ulisema, "Nimefika." Mama yako alinitazama siku ile nzima kama mtu aliyeshinda kesi mahakamani.

Halafu akaugua, na dawa hazikumsaidia, na akatuacha.

Yanayofuata unayajua upande wako. Nataka ujue upande wetu. Mazishi yalikuwa Jumamosi, na ibada tuliisogeza hadi jioni ili ndege yako ya asubuhi ikufikishe. Nilikuwa nimesimama juu ya tuta la bwawa, mahali pekee nyumbani kwetu panaposhika mtandao, nikisubiri uniambie umepanda. Ulichosema ni, "Baba, wamekataa. Wanasema nimeichezea picha." Nilikusikia ukimweleza mwanamke wa dawati la ndege kwa Kiingereza kwamba ni mama yako aliyeifunika, kwamba ni mama huyo huyo unayeenda kumzika. Alikujibu kwa adabu. Ubalozi wetu uko Abu Dhabi, na siku hiyo ulikuwa umefungwa.

Nilishuka kwenye tuta nikamwomba baba yako mkubwa Nzioka tuahirishe. Vijana walikuwa wamekwisha kuchimba tangu asubuhi.

"Kaburi ikishachimbwa haiwezi lala bila mwenyewe," akaniambia. "Wewe ni mwalimu, lakini hiyo unajua."

Ninajua. Tukamzika. Kila mtoto alitupa konzi yake ya udongo, kwa kufuata kuzaliwa, na kwa kuwa wewe ndiye wa kwanza, watu walisimama wakinitazama. Nzioka akauliza, "Nani atamtupia Mwende?" Nikasema hakuna, atakuja atupe mwenyewe. Wakaanza na ndugu yako anayekufuata. Kwa sababu hiyo kaburi la mama yako halijajengewa. Huwezi kumwaga saruji juu ya mahali ambapo udongo wa mtoto mmoja bado haujaingia.

Baada ya mazishi nilianza kufuata karatasi zako, kwa sababu hakuna ubalozi utakaokupa pasipoti nyingine bila cheti cha kuzaliwa, na cha kwako, kama unavyokumbuka, kilikuwa kimevaa plastiki. Karani pale Machakos alikiinua kwenye mwanga.

"Mzee, nani ameweka hii kwa plastiki?"

"Mama yake."

"Basi mwambie alete ile haina plastiki."

Nyuma yangu kulikuwa na watu wengi, na sikuwa na nguvu ya kueleza, mimi ambaye sijawahi kukosa nguvu ya kueleza. Karani akanitazama tena, akakiona kipande cheusi cha kitambaa cha msiba nilichobandika kwenye koti. "Pole, mzee," akasema. "Hebu keti hapo." Nilikwenda na kurudi, na mwishowe wakanipa nakala mpya yenye muhuri, laini kabisa, bila kitu juu yake. Nikaiweka pamoja na nakala ya kitambulisho chako, nikampa binti wa jirani aliyekuwa anarudi kazini huko. Alinihakikishia kwamba alizitia mkononi mwako.

Kwa hiyo kazi iliyobaki si kubwa, na wasomaji wengine wasiogope nao. Unakwenda ubalozini na pasipoti iliyoharibika, cheti, nakala ya kitambulisho na picha mpya. Unaeleza ukweli, mfupi, bila kupamba. Unajaza fomu, unalipa, unawaachia ile ya zamani, unasubiri. Mtu aliye na msiba anaweza kuomba karatasi ya dharura ya safari moja ya kurudi nyumbani. Yote haya nilikueleza kwenye simu. Ndipo ukasema lile lililokuwa moyoni.

"Baba, wakiichukua wataikata kona waitie kwa droo. Na iko na kidole chake ndani."

Salio lako likaisha nikiwa bado natafuta jibu.

Nimelitafuta tangu siku hiyo, nikiwa nachota maji, nikiwa nafunga ndama. Nililolipata si kubwa. Mama yako aliifunika pasipoti ile ili usikose safari. Alikuwa mtu aliyekosa safari yake kwa sababu ya mchwa, na hakutaka wewe uikose yako kwa sababu ya chai. Ukiiweka chini ya mto, ukaitazama kila unapotoka zamu, na ukabaki huko, umekihifadhi kidole na umeitupa kazi ambayo kidole kilikuwa kinaifanya. Waombe wakurudishie baada ya kuikata. Mara nyingine hukubali, mara nyingine hukataa. Wakikataa, waachie.

Na kuna jambo ambalo huwezi kulijua ukiwa huko. Mwaka ule kabla hajaugua, alikandika upya ukuta wa jiko la nje kwa mikono yake, akanifukuza nilipotaka kusaidia. Karibu na mlango, mahali alipoegemea akipumzika udongo ukiwa bado mbichi, kuna kiganja chake kizima, na vidole vyote vitano, pamoja na hicho unachokilinda. Mimi hupitia pale kila asubuhi kwenda kuwasha moto. Upande huo ndio unaopigwa na mvua ya upepo. Nimeegemeza bati, linaanguka, naliegemeza tena. Kidole kidogo kimeanza kufutika.

Tuta la kaburi nalo linashuka mvua ikinyesha. Nachukua jembe nalipandishia udongo, kisha nakaa palepale kupumzika, na siku hizi napumzika kwa muda mrefu kuliko ninavyolima. Saruji tuliyonunua iko stoo. Mfuko mmoja umekwisha kuwa jiwe. Nzioka hunicheka akipita, "Mwalimu, bado unafuga saruji?" Namwambia ndiyo, nafuga. Ananihurumia, naona, ndiyo maana anacheka.

Sikulaumu, mwaitu. Simlaumu hata yeye, wala yule fundi, wala mwanamke wa dawati la ndege aliyefanya kazi yake. Nimechoka tu kupanda tuta la bwawa kukuambia jambo moja, na magoti yangu yamechoka kuliko mimi. Kwa hiyo hii ndiyo mara ya mwisho nitakayolieleza. Ukifika, hutanikuta na maneno. Nitakuonyesha ukuta, nitakuonyesha mahali pa kuchukua udongo, kisha nitamwita fundi wa saruji. Nakuaga kwa namna mama yako alivyokuwa akikuaga kituoni, mkono juu ya kichwa chako, bila kusema kitu.

Leo omba ruhusa kazini, panda basi la Abu Dhabi, na uwape hiyo pasipoti.

Baba yako, mtoto wako.