Vitambaa vya Kompyuta

Jumatatu, 3 Machi
Makubwa! Mwalimu Mkuu kanikabidhi klabu ya kompyuta. Mimi, mwalimu wa ushonaji! Sababu? Nilishona vitambaa vya kufunikia zile mashine, kwa hiyo ufunguo wa chumba ninao mimi. Basi angempa mlinzi, si ana ufunguo wa geti?

Ukutani kabandika tangazo: THUBUTU! JARIBU! KOSEA! KILA MWANAFUNZI AANDIKE PROGRAMU! Chini yake, kwa mkono wake mwenyewe: Ni marufuku kugusa bila ruhusa. Na huyo ni mtu mzima.

Jumanne, 4 Machi
Watoto wamevua viatu mlangoni, wamekaa mikono mapajani. Mashine zimefunikwa — amri. Programu iko ubaoni, mistari minne, wanaikariri kwa pamoja kama jedwali la kuzidisha. Ijumaa anakuja mgeni kutazama "vijana wabunifu". Kila skrini iandike KARIBU MGENI WETU. Zote sawasawa. Ubunifu huo!

Binti wa dada yangu, ninayeishi naye, kanyoosha mkono. Eti akibadilisha mstari mmoja, itakuwaje? Mkuu alikuwa dirishani. Kasema maswali ni baada ya mgeni kuondoka. Mtoto uso ukamshuka.

Jumatano, 5 Machi
Nyumbani hakuna habari nyingine. "Mama mdogo, nataka imwulize mgeni jina, halafu imkaribishe kwa jina lake." Nikamwambia aache kiherehere, mgeni jina lake analijua. Kaninunia. Kaosha vyombo vyote bila kuambiwa, kimya — silaha ya mama yake hiyo hiyo. Huwa inaniweza.

Alhamisi, 6 Machi
Mazoezi. Leo mashine zimefunuliwa, jamani, kama bibi harusi. Nikampita mtoto, nikamnong'oneza: jaribu, ila mimi sijaona.

Kwa nini nimesema? Sijui. Ujinga nao huambukiza.

Ijumaa, 7 Machi
Aibu tupu!

Mgeni ni mama mfupi, kavaa raba. Mkuu kamtandikia zulia bure. Skrini ya kwanza, KARIBU MGENI WETU. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Mama wa watu anaitikia vizuri, vizuri, jicho kwenye saa. Akafika kwa mtoto wetu. JINA LAKO NANI? Akacheka! Akavuta kiti, akaandika. Mashine ikamkaribisha kwa jina. Halafu ikamkaribisha tena. Na tena. Skrini imejaa karibu, karibu, haikomi, kama mwenyeji ambaye hajapika!

Mgeni kafurahi kweli. Kamwambia mtoto hujaiambia iishie wapi, hebu tutafute. Wameinama wote wawili — Mkuu huyo! "Virusi! Vitaambukiza nyingine!" Kachomoa waya ukutani. Ule mkubwa. Mashine zote zikazimika, pu! Thubutu, jaribu, kosea.

Mgeni kaondoka bila hata chai. Mkuu kaniita ofisini: mtoto katolewa klabuni, asikanyage tena chumba kile. Jumatatu nirudishe ufunguo. Nikasema ndiyo, Mwalimu. Mdomo wangu mrefu humu daftarini tu.

Mtoto hakulia. Kasema, "Nilishaliona kosa, mama mdogo. Nilikuwa nalishika." Nimeumia kuliko angelia.

Jumamosi, 8 Machi
Shule tupu. Jumatatu haijafika, ufunguo bado wangu. Tumeingia na viatu vyetu, nikachomeka ule waya mkubwa.

Mtoto anaandika, mimi nimekalia rundo la vitambaa. Mashine imeniuliza jina. Nimeandika kwa kidole kimoja. Imenikaribisha mara sita, ikaganda. Mtoto kaguna, kafuta, kaanza upya. Mara mbili sasa. Nimepiga makofi, mimi! Kanikanya nisimvuruge.

Viatu koridoni. Navijua. Kitasa kimetikiswa — nimefunga kwa ndani.

"Nani humo? Fungua!"

Mtoto kageuka, macho yamemtoka. "Mama mdogo, bado kidogo tu."

Nimejibu nikiwa nimekaa: subiri, Mwalimu, mtoto anakosea.

Sasa anagonga kwa ngumi. Mtoto bado anaandika.