Clem Noske Apunguza Mapigo

Coonalta, 20 Aprili 1998

Kwa mwanangu Janine,

Kwa heshima na taadhima, baada ya siku mbili za kutafakari, natangaza rasmi kwamba Jumamosi iliyopita, mbele ya mashahidi wawili na kundi la kasuku, mimi baba yako nilimaliza mashimo kumi na manane ya gofu kwa mapigo mia moja na kumi na manne. Bendera haikushushwa nusu mlingoti kwa sababu klabu yetu haina bendera.

Hujambo huko pwani? Mimi mzima, isipokuwa bega. Daktari kasema nisiinue mkono kupita sikio, basi mpira wangu sasa unafika pale mate ya mzee yanapofika. Mvua bado. Kila mtu anatazama mbingu na mbegu zimo ghalani.

Sababu ya kuandika ni hii. Mwezi wa nane timu ya watu wanne inakwenda kucheza na wenzetu wa klabu ya Buckley, kama kila mwaka. Mimi nimekwenda miaka thelathini na mmoja. Juzi tukinywa bia, nahodha wetu Trevor Pfitzner akaniambia: "Clem, ndugu yangu, safari hii anayepita mia abaki nyumbani apike supu." Watu wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda kukaa ndani ya gari.

Tangu mama yako atutoke, gofu ndiyo inayonivisha viatu. Wakiniacha, nitabaki na redio.

Wewe kufundisha gofu ndiyo kazi yako. Nakumbuka ulipokuwa na miaka kumi na minne, ukishinda uani ukitumbukiza mipira kwenye ndoo kutoka hatua kumi. Nilikuambia huko ni kuchokoa meno, gofu ni kupiga mbali. Sasa naomba unifundishe kuchokoa meno.

Baba yako,
Clem


Port Elliot, 29 Aprili 1998

Baba mpendwa,

Mimi sijambo. Pole kwa bega. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa nimekaa. Miaka minne umekuwa ukinitumia kadi ya Krismasi yenye jina lako tu, kama mtu anayesaini kupokea mzigo. Nashukuru umeandika.

Jumamosi ijayo usiniletee jumla. Niandikie kila pigo lilipigwa wapi: mbali, karibu (yaani hatua hamsini au pungufu), au juu ya grini penyewe, pale shimo lilipo.

Kila siku chukua mipira mitatu tu. Mwenye ndoo nzima hupiga bila kufikiri. Weka kila mpira mahali tofauti, uupige, kisha uufuate na kuusukuma mpaka uingie shimoni, kama siku ya mashindano. Uzito mguu wa kushoto, mikono itangulie mpira, viganja vitulie. Bega halina kazi hapo. Udondoshe mpira hatua moja ndani ya grini, halafu uuache ubingirike wenyewe.

Na usimjibu Trevor. Mpikie hiyo supu kwanza.

Mwanao,
Janine


Coonalta, 25 Mei 1998

Mwanangu,

Mvua imenyesha kidogo, afya inakwenda. Habari zako?

Hesabu uliyoitaka: mia na tisa. Mbali thelathini na saba, karibu thelathini na matano, juu ya grini thelathini na saba. Miaka yote nilidhani mwizi yuko porini, kumbe analala sebuleni.

Lakini nina malalamiko. Wiki tatu nimefuata maagizo yako neno kwa neno. Mpira ukidondoka ndani ya grini haubingiriki hata shubiri. Unatua pu! kama jiwe kwenye uji. Trevor alikuwa kaegemea uzio. "Unazika nini hapo, Clem?" Nikamwambia nazika ushauri.

Janine, umekaa pwani mpaka umesahau kwamba grini zetu hazina hata jani? Ni mchanga na mafuta machafu ya injini. Umezaliwa hapa wewe!

Baba yako,
Clem


Port Elliot, 3 Juni 1998

Baba,

Nimesoma nikacheka peke yangu ofisini, kisha nikaona aibu. Kweli nimesahau. Nisamehe.

Basi angani tuhame. Chukua fimbo ya chuma namba saba, mkono mfupi kama anayefagia. Mpira udondoke kwenye ardhi ngumu kabla ya mchanga, uingie grini ukitambaa. Kisha zoezi la kusukuma: hatua tatu, sita, tisa. Katika majaribio kumi ya kutoka nje ya grini, usiende kunywa chai mpaka saba yamalizike kwa mapigo mawili.

Ila kwa barua siwezi kuona mikono yako. Njoo ukae wiki moja. Chumba kipo.

Mwanao,
Janine


Coonalta, 14 Julai 1998

Mwanangu mpendwa,

Nimefika salama. Bega limetulia na kikapu chako cha chakula nimekimaliza kabla ya nusu ya njia.

Kwanza, naomba tena radhi kwa bosi wako, Bi Gwen Tapscott. Miaka hamsini nimecheza kwenye mchanga. Kwetu mtu akifika kwenye grini, kabla ya kusukuma hukokota kile chuma kipana cha kusawazishia mchanga, kulainisha njia ya kwenda shimoni. Asiyefanya hivyo hakulelewa. Sasa nimepiga mpira mzuri, umetambaa vile ulivyonielekeza, mwili ukajipeleka wenyewe. Nikachukua reki kwenye shimo la mchanga pale pembeni, nikaikokota juu ya nyasi zake kwa adabu zote.

"Bwana, unalima?" akaniuliza Bi Gwen, kumbe yuko nyuma yangu.

"Nalainisha njia, mama."

"Njia ya kwenda wapi?"

Nikatazama chini, nikaona nilichofanya. Wanafunzi wako sita walikuwa wamesimama pale, akiwemo yule jaji mstaafu. Nilitamani ardhi ipasuke, maana nilikwisha anza kuipasua. Wewe ungeweza kujifanya unatazama bahari. Badala yake ukasema kwa sauti: "Huyo ni baba yangu, Bi Gwen. Yeye ndiye aliyeninunulia fimbo ya kwanza." Kisha ukapiga magoti ukarudishia nyasi kwa vidole.

Nimeliwaza hilo njia nzima. Nimewaza pia jinsi jaji anavyonyamaza ukimwambia viganja vitulie. Janine, lile neno la kuchokoa meno lilikuwa la mjinga, na mjinga alikuwa mimi. Ningelisema pale pwani, lakini ulikuwa unanikaangia samaki nikaona nisiharibu.

Asante, mwanangu.

Baba yako,
Clem


Port Elliot, 22 Julai 1998

Baba,

Grini imepona. Bi Gwen anakusalimu, na kila reki anayoikuta imelala vibaya anauliza kama mzee wa Coonalta karudi.

Barua yako nimeiweka pamoja na zile za mama. Niandikie mara watakapotangaza timu. Silali vizuri, na si mimi ninayecheza.

Mwanao,
Janine


Coonalta, 10 Agosti 1998

Mwanangu Janine,

Salamu nyingi. Ngano imeota, mimi mzima wa afya.

Jumamosi ilikuwa ya mwisho kabla ya timu kutangazwa. Mapigo tisini na sita! Mbali bado ni thelathini na saba, mpira haukuvuka kisiki chochote kipya. Karibu ishirini na manane, juu ya grini thelathini na moja. Shimo la mwisho niliingiza kutoka nje kabisa ya mchanga kwa namba saba, na Trevor akavua kofia. Yeye alipata tisini na nane.

"Mzee, nani kakufundisha?"

"Binti yangu."

"Yule wa ndoo?"

"Huyo huyo."

Akasoma majina mbele ya wote. Langu lilikuwa la tatu. Niliona haya kufuta macho, nikajifanya naondoa vumbi. Huu wa thelathini na mbili nakwenda kwa ajili yako, na asante ni neno dogo mno ila ndilo nililo nalo.

Baba yako,
Clem

Nilisahau kukuambia: tuliojiandikisha mwaka huu kuwania zile nafasi nne tulikuwa wanne.