Kadi Chini ya Mlango wa Mama Eda

Jumatatu, 3 Juni
Nimeshona sare tano za kwaya. Sindano imevunjika mara mbili, hasira tu. Ng'ambo ya barabara Mama Eda kafungua saluni yake kama kawaida. Wanawake wawili wanasubiri chumba cha nyuma awapigie ramli kwa kadi. Anacheka nao.
Mama yangu yuko Iyula, mkono wa kushoto hauinuki. Mwezi wa nne alikuja kunitembelea, akaingia mle kwa Mama Eda bila kuniambia. Ikatoka kadi ya mifupa iliyopanda farasi. Akaambiwa ajiandae kufa. Kurudi nyumbani akaacha dawa za presha. Za nini, alisema, nimeshaonyeshwa. Mwezi wa tano, kiharusi.
Namchukia yule mwanamke. Nataka naye aonje.

Jumatano, 5 Juni
Nimevuka mpaka kwenda Nakonde, Zambia, kununua vitenge, nikapita kwa binamu yangu Chanda. Ana kadi za tarot kama zile, na kijitabu chake. Nikamwonyesha ile ya mifupa.
"Awe, hapana, dada! Hiyo siyo mtu kufa. Ni jambo kuisha, lingine lianze."
Na kadi haimwamulii mtu, kasema. Ni picha, unazitazama upate kuyafikiri mambo yako. Hakuna pepo, hakuna kipaji cha ukoo. Watu husema usijinunulie, lazima upewe; yeye alinunua zake dukani Lusaka, kama kitana.
Nimelia mpakani, katikati ya malori. Mama kapooza kwa neno ambalo kadi haikulisema.
Ile ya mifupa ninayo. Nilimwomba, akanipa.

Ijumaa, 7 Juni
Asubuhi, kabla hajafika, nimeisukuma chini ya mlango wake. Nikarudi kwenye cherehani. Alifungua, akainama akaiokota, akaketi palepale kizingitini. Hakumsuka mtu leo.
Nimefurahi. Sana.

Jumatatu, 10 Juni
Saluni imefungwa. Majirani wanasema hataki kula, hatoki ndani. Nilidhani ni tapeli anayejua kwamba anadanganya. Kumbe anaamini.
Vizuri. Mama naye alilala hivyo hivyo, akingoja.

Jumatano, 12 Juni
Kaja kwangu. Kakonda. Kashika kitambaa cheupe.
"Nipime, fundi. Nataka gauni la kuzikiwa."
Nimempima. Mabega, kifua. Moyo wake ulidunda chini ya futi yangu kama wa kuku aliyeshikwa. Nilikuwa nimeutamani mdundo huo. Haukuwa mtamu.
Nikamuuliza kama anamkumbuka mama wa Iyula, wa mwezi wa nne. Akafikiri. "Yule mpole? Nilimhurumia. Ndiyo maana nikamwambia ukweli."
"Ni mama yangu. Ameacha dawa, amepooza. Na kadi uliyoikuta chini ya mlango wako niliiingiza mimi."
Nilimwambia yote ya Chanda. Nilitaka aone haya. Akauliza tu, "Kwa hiyo sifi?"
"Sijui. Kadi nayo haijui."
Akalia. Sikumwomba radhi. Kitambaa nimemrudishia. Nimemwambia Jumamosi tunakwenda Iyula, akamwambie mama kwa mdomo wake. Akikataa, nitawaambia wateja wake wote, mmoja mmoja.

Jumamosi, 15 Juni
Alipiga magoti mbele ya kitanda. "Mama, nilikosea. Ile kadi haisemi utakufa. Nilifundishwa vibaya, nami nikakupotosha."
Mama akasema, mdomo umepinda, "Nimekaa siku zote hizi najizika mwenyewe. Wewe ulikuwa unasuka watu."
Mama Eda alirudi Tunduma peke yake. Sikumsindikiza.

Jumapili, 16 Juni
Mama kameza dawa, bila kubembelezwa. Kauliza kama kahawa ya upande wa mtoni imeanza kuiva. Nikasema imeanza. Akataka kwenda kuiona.
Nimemfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kwa sababu vidole vyake haviwezi. Mama Eda sijamsamehe. Tumetembea polepole, ameniegemea upande wa kushoto. Ni mzito. Tumefika.