Swichi ya Nyuma ya Mlango

Shoga, uko peke yako? Soma, kisha ufute.

Ule umeme uliokatika mtaa mzima ulirudi Jumapili mchana, niko peke yangu nyumbani. Nikazima swichi kuu. Ndiyo, mimi, kwa mkono wangu.

Usinicheke. Siku nne bila televisheni, baba watoto alikuwa anacheza karata na wanawe na kutusimulia utoto wake. Yule yule wa "nyamazeni nisikie habari". Nilitaka jioni moja ya ziada. Zikawa tatu.

Jana akauliza mbona jirani wana taa. Nikasema labda wana jenereta. "Isiyo na kelele?" Nikasema za siku hizi ziko hivyo.

Leo akaleta fundi. Fundi akafungua kasha nyuma ya mlango, akapandisha swichi kwa kidole kimoja. Friji ikaanza kunguruma. "Hakuna kilichoharibika, mzee. Kuna mtu amezima."

Kuna mtu amezima, shoga. Mbele ya wote. Baba watoto akanigeukia polepole.

Mama mkwe alikuwa anamenya viazi, hata macho hakuinua. "Ni mimi. Nilidhani ni ya taa ya nje. Uzee huu, mwanangu."

Baba watoto angemfanya nini mamaye? Akawasha televisheni, akakaa.

Nikamfuata mama jikoni kumshukuru. Akanikatiza kwa sauti ya chini.

"Swichi huonekana upesi. Safari nyingine toa fyuzi, uniletee niiweke kwenye mkoba wa dawa zangu. Baba yake hakuwahi kuipata."