Riwaya Iliyosomwa Nyuma ya Mabati

Mjukuu wangu Achieng,

Masomo ya filamu yanaendaje? Huku Kisumu Ndogo tuko sawa, babu yako bado anabishana na redio. Umeniuliza ni riwaya gani ya taharuki ya zamani inafaa kutengenezewa filamu upya.

Nikiwa msichana tulipanga nyumba Kabiro. Jioni moja, kupitia ukuta wa mabati, nilimsikia jirani akisema, "Nitamwekea sumu kwa chai."

Nikabisha mlango. Akacheka, akanionyesha riwaya. "Si namsomea tu mke wangu?"

Mke hakucheka. Tangu wiki hiyo hatukumwona tena. Mumewe akasema eti ameenda ushago, kijijini kwao.

Baadaye nilikipata kitabu hicho Kawangware, nikakisoma chote. Hakina sumu. Hata chai hakuna.

Nitengenezee hiyo, mama. Kamera ikae upande wangu wa mabati.

Nyanya yako