Mlango wa Lori Aliufunga Hamisi

Ngamiani, Tanga

Mbwana,

Assalamu alaykum, ndugu yangu. Sikuulizi hali, maana huko uliko najua huna ugomvi na mtu. Mwenye ugomvi ni mimi, na ninayegombana naye ni binamu yako Hamisi.

Siku tuliyokuzika watani walifanya kazi yao. Hilo silikatai, maiti asiyetaniwa huonekana kama hakuwa na watu. Mmoja alivaa kofia yako upande akatembea mwendo wako, watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Kisha akasimama Hamisi. Akawasimulia waombolezaji safari yetu ya mwaka jana ya kwenda kutazama wanyama mbugani, mimi na wewe na yeye, na lile lori kuukuu la baba yake la kupigia hendeli. Akasema tembo alipoingia kambini wewe ulikuwa wa kwanza kukimbilia ndani ya lori, ukafunga mlango, ukamlilia mama yako. Akakiigiza hata kilio chenyewe. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Mbwana, mimi nilikuwepo. Mlango ule aliufunga Hamisi.

Safari ile naikumbuka yote. Mzungu wa mbuga alituuliza langoni bwana wetu yuko wapi, ukamjibu, "Tumejileta wenyewe." Twiga alipopita ukasema, "Huyu angekuwa mkwezi, nazi za Pangani zingekwisha." Na askari wa mbuga alituonya kuwa vyakula vyote tuviache ndani ya lori. Hamisi akalishusha gunia letu la machungwa ya Muheza akalitupa hemani, ati apate nafasi ya kulala garini.

Hemani nilikuwa nimelala mimi, na mguu ulioteguka tulipokuwa tukilisukuma lori mchangani. Asubuhi, chai haijachemka, tembo akafuata harufu ya machungwa. Nikaona mkonga unaingia. Kusimama siwezi. Nikasikia mlango wa lori unabamizwa. Wewe ukaingia kwa nyuma, ukalikamata gunia, ukalitoa huko huko nyuma, ukazungukia mbele ukirudi kinyumenyume, unaviringisha machungwa mbele ya mnyama yule na kumsemesha kama ng'ombe wa jirani: "Haya bwana, huku, huyo mgonjwa mwache." Akakufuata. Ulipomfikisha vichakani ukaliacha gunia, ukazunguka, ukaja kugonga mlango wa lori. Hamisi hakukufungulia mpaka tembo aliposhiba akaenda zake.

Njiani tukirudi, Hamisi amelala, ukaniapisha nisiseme. "Juzi tu ameoa. Tumsitiri." Nikaapa. Basi huyo ndiye uliyemsitiri.

Nimemfuata dukani kwake nikamtaka aende kwa mama yako akaseme kweli. Akacheka. "Utani haukasirikiwi, bwana we." Najua haukasirikiwi, sikuzaliwa jana. Lakini mtani humtania mtu kwa yake. Hamvishi aibu ya mwingine akamfukia nayo, tena aibu ya kwake mwenyewe! Sasa vijana wa gereji uliowafundisha kazi wanakuita Bwana Mlango, na Hamisi anapita mitaani kifua mbele.

Hata hayo ningeyameza. Lisilomezeka ni la mama yako. Siku ya maziko Bi Mwanahawa alicheka na wenzake kama ada inavyotaka. Siku ya pili akaniita chumbani, akauliza taratibu, "Mwanangu, haya aliyogamba Hamisi ni kweli?" Nikakikumbuka kiapo chako. Nikanyamaza. Akaniangalia, akafunga kanga yake vizuri, akasema, "Basi. Hata akiwa mwoga alikuwa wangu."

Tangu siku ile nimekukasirikia hata wewe. Ulimwonea huruma binamu yako, hukumfikiria aliyekuzaa. Mwanamke yule amempoteza mwana, kisha amenyang'anywa hata fahari ya kuwa naye, na mimi ninayejua nimekaa kama jiwe kwa sababu ya neno lako.

Kesho ni arobaini yako. Leo, baada ya swala ya alasiri, nakwenda kwa mama yako nimweleze yote, yeye kwanza, peke yake, apate kulia anavyotaka. Kesho, dua ikiisha na kabla pilau haijapakuliwa, nitasimama mbele ya watu wale wale waliocheka. Sitamtukana Hamisi. Nitasema nilichokiona nikiwa nimelala chini, na yeye akiwa anasikia.

Kiapo nilichokuapia nakivunja, Mbwana. Nakupa kingine mahali pake: maadamu mimi ni mzima, mtu hatakuita mwoga nami nikanyamaza. Pumzika, ndugu yangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Na kama umeudhika nami, ningoje huko huko. Tutagombana tukionana.

Salimu